Taa ya Ploti

Kwa miaka minne nilifanya kazi na ua la Krismasi bila kuliona likiwa jekundu.

Ilikuwa Naivasha, katika mojawapo ya mashamba yanayolizunguka ziwa. Ukimtajia mtu Naivasha na maua, anawaza waridi, na hakosei, waridi ndilo lenye mji. Ila yapo mashamba yasiyouza ua hata moja. Yanauza vipandikizi: ncha changa za mashina, urefu wa kidole, zinazovunjwa kwa mkono asubuhi na mapema, zikahesabiwa, zikafungwa mifukoni na kukimbizwa chumba cha baridi kabla jua halijakolea. Za poinsetia, ndilo hilo ua la Krismasi, hupanda ndege katikati ya mwaka. Huko Ulaya zinatiwa mizizi na kulelewa kwenye nyumba za vioo, na ikifika Novemba zimekuwa vyungu vya majani mekundu kwenye rafu za supamaketi. Mwenye kununua hana habari kwamba mtoto huyo huenda amezaliwa Kenya, Uganda au Ethiopia.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku, upande wa mimea-mama, ile inayozaa vipandikizi. Saa nne usiku taa zinawashwa, saa nane zinazimwa. Napita safu kwa safu na tochi na daftari nikiandika balbu ipi imekufa. Mgeni angedhani tunawasha taa ili mimea ikue haraka. La. Poinsetia inahesabu usiku. Ikipata giza refu lisilokatizwa, kama saa kumi na mbili au zaidi, siku nyingi mfululizo, inaacha habari ya matawi na kuanza habari ya maua. Huku kwetu ikweta usiku ni takribani saa kumi na mbili kuanzia Januari hadi Desemba, kwa hiyo mmea ukiachiwa nafasi unaweza kuamua wakati wowote kwamba msimu umewadia. Na mmea-mama ukishaingia kwenye maua hauna tena ncha ya kuvunja. Hasara tupu. Ndiyo maana usiku unakatwa katikati kwa mwanga, unakuwa vipande viwili vifupi, na mmea unaendelea kuchipua kama kawaida.

Kwa kifupi, nililipwa mshahara kuhakikisha mimea haipati usingizi. Balbu ikikaa siku nyingi imekufa bila mtu kuona, supavaiza alijua kabla sijafungua mdomo, kwa kuwa majani machanga ya pale chini yalianza kugeuka rangi, na yalikatwa siku hiyohiyo.

Shikeni hilo, maana mimi mwenyewe nililisahau.

Mkataba ulipoisha nilirudi Nakuru mjini nikafungua nasari mbele ya ploti ninayokaa, upande wa Kiamunyi. Miche ya grevilea, parachichi za kupandikizwa, maua ya vyungu. Poinsetia sikuzinunua popote. Nilizitoa kwa kukhu, bibi yangu mzaa baba, kule ndani ndani kutoka Webuye. Kwa kukhu, ua la Krismasi ndilo ua wa boma. (Kiswahili hiki! Ua la kupendeza, ua wa kuzuia ng'ombe, na bila kuongeza hata herufi moja, ua mtu.) Limezunguka nyumba pande tatu, refu kunipita, na hakuna aliyewahi kulimwagilia kikombe cha maji. Alilipanda vile mtu anavyopanda muhogo: unakata mti wa urefu wa futi moja hivi, unauacha kivulini siku moja mbili maziwa yake yakauke, mvua ikianza unauchomeka ardhini. Wala si bahati kwamba njia ni ile ile, kwa sababu poinsetia na muhogo ni ukoo mmoja. Mbarika yumo humo, na mnyaa pia.

Desemba zangu za kwanza zilikuwa nzuri. Vijiti vya kukhu vilishika mizizi kwenye udongo wetu wa Nakuru, huu wa majivu ya volkano usiotuamisha maji, na kufikia wiki ya pili ya Desemba nilikuwa na safu nyekundu barabarani iliyosimamisha magari. Wateja walikuja na theolojia zao. Mzee mmoja alishikilia kwamba mmea huu umetoka Bethlehemu, ndiyo maana ukaitwa wa Krismasi, na majani ni damu. Nikamwambia mzee wangu, huu ni wa Meksiko. Waazteki waliuita cuetlaxochitl na walitoa rangi nyekundu humo kabla hawajasikia habari ya Krismasi. Aliyeupeleka Marekani ni balozi wao, Joel Roberts Poinsett, miaka ya 1820, na jina poinsetia ni lake. Mzee akaninyamazia kidogo, kisha akasema basi huyo balozi lazima alikuwa mcha Mungu. Akanunua miwili.

Kila mteja nilimwonyesha jambo moja, na nitawaonyesha na ninyi. Hayo mekundu ni majani. Maua yenyewe ni zile punje ndogo za manjano katikati, ambazo hakuna anayeziangalia. Unaponunua, ziangalie hizo. Zikiwa bado zimefumba au zimefumbuka kidogo tu, mmea utakupeleka hadi Januari. Zikiwa zimeshaanza kudondosha unga wa manjano au zimeanguka zote, rangi inayokuvutia iko njiani kuondoka, hata muuzaji akuapie.

Dada yangu mkubwa ni muuguzi Sheffield, Uingereza. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba yale niliyoyajua mimi yalikuwa nusu tu ya habari.

Desemba moja alinipigia video akiwa na hasira. Amenunua poinsetia supamaketi, ameiweka mezani, siku ya nne majani yameanguka kama ya mti uliolaaniwa. "Wewe si mtaalamu wa maua? Niambie nimekosa nini."

Nikamuuliza alivyoibeba kutoka dukani. Kwa mkono, akasema, hadi kwenye gari, gari liko mwisho wa maegesho. Nje kulikuwa na baridi kiasi gani? Nyuzi mbili. Ilifungwa chochote? Hapana, kwani ni mtoto?

Basi kosa la kwanza lilikuwa hapo. Huu ni mti wa nchi ya joto. Chini ya nyuzi kumi unaanza kuumia, na dakika chache za upepo wa nyuzi mbili zinatosha, ila hauonyeshi palepale. Unakwenda nao nyumbani unang'aa, siku tatu baadaye unakutupia majani. Dukani uombe wakufunike hadi juu kwa karatasi au mfuko, gari liwe limepata joto kidogo, na uende moja kwa moja nyumbani. Usiuache ndani ya gari ukapitia kwa rafiki kunywa chai.

Kosa la pili lilikuwa mahali alipouweka: juu ya kile chuma cha ukutani chenye maji ya moto kinachopasha nyumba joto. Dada aliona anauhurumia. Lakini chuma kile kinakausha hewa na kuichemsha mizizi, na kila mlango wa mbele ukifunguliwa baridi inapita hapohapo. Mmea unapigwa joto na baridi kwa zamu. Unataka dirisha lenye mwanga mzuri, nyuzi kumi na tano hadi ishirini na moja hivi, majani yasiguse kioo, na mbali na mlango.

La tatu nililijua kabla hajasema. Chungu kilikuwa kimevikwa karatasi ya kumetameta. Nikamwambia aivue na ainusishe pua. "Inanuka kama matope ya kisima," akasema. Maji yote aliyokuwa akimwaga kila asubuhi yalikuwa yamekaa humo ndani, mizizi inaogelea. Itoboe karatasi chini au iondoe kabisa. Tia kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu juu ndipo umwagilie, acha maji yachuruzike, yale ya kwenye kisahani yamwage. Ukizoea hutahitaji hata kidole, utanyanyua chungu na uzito utakwambia.

Niseme ukweli: kuliko baridi, kuliko wadudu, kinachoua maua ya ndani msimu wa sikukuu ni ukarimu. Watu wako likizo, wako nyumbani mchana kutwa, kila apitaye anamwaga kidogo. Kule kwa kukhu mmea hauna anayeupenda kiasi hicho, na umefikisha miaka thelathini.

Ule wa dada ulikuwa umekwenda. Lakini alishakuwa mgonjwa wa maua. Rafiki wa kazini alimpa kaktasi ya Krismasi, ile yenye matawi bapa kama vipande vilivyounganishwa, na kwa kuwa inaitwa kaktasi akainyima maji kabisa. Nikamweleza kwamba hii si ya jangwani. Asili yake ni misitu yenye ukungu kwenye milima ya pwani ya Brazili, inaota juu ya matawi ya miti, kivulini. Inataka unyevu wa wastani na mwanga usio wa jua kali. Ikishatoa vitumba, usiihamishehamishe, wala usiizungushe eti ichanue pande zote, itaviangusha vyote kwa kununa. Hiyo anayo hadi leo na imekuwa kubwa. Akanunua pia siklameni, na hapo mashauri yote yakageuka kichwa chini, kwa kuwa siklameni ni mtoto wa Mediterania, anapenda ubaridi. Chumba ambamo poinsetia imechanua, siklameni inalegea. Hiyo iwekwe dirisha la chumba cha kulala kisicho na moto, imwagiliwe kwa kukalisha chungu kwenye bakuli la maji kidogo, maana maji yakituama juu ya kiazi chake kinaoza.

Kuna na lile litunguu la sandukuni wanalopeana zawadi, wanaliita amarilisi. Hilo kila boma la Magharibi linalo bila kulipa jina, lile ua jekundu la tarumbeta linaloibuka mvua ikinyesha. Panda litunguu likiwa na shingo nje ya udongo, maji kidogo hadi lichipue, wiki sita hadi nane utaona kitu. Likimaliza kuchanua kata bua, majani yaache. Sina la kuongeza, ni mmea usiojua kusumbua.

Nilikuwa mjuaji hivyo, msimu hata msimu, hadi 2022.

Mwaka huo, mwezi wa Agosti, mama mmoja wa kamati ya mapambo kanisani kwao alikuja nasari akaagiza vyungu arobaini vya poinsetia nyekundu, vya kupanga madhabahuni. Shilingi mia nne kila kimoja. Aliacha elfu tano za kufungia mkataba. Sijawahi kupata oda ya namna hiyo. Nilipanda hamsini kwa tahadhari, nikazikata ncha mapema ili zitoe matawi mengi, nikazipanga mbele kabisa, karibu na ukuta wa ploti, mahali ambapo ningeziona hata nikiwa nyumbani kwangu.

Oktoba ikapita, zimenenepa. Novemba ikapita, zimezidi kunenepa. Desemba tano nilisimama mbele ya vyungu hamsini vya mboga. Kijani cha kupendeza, majani mapana, afya tele, na hata ncha moja haikuwa na dalili.

Nililaumu kila kitu. Nilisema ni mbolea, nimetia naitrojeni nyingi, nikanunua ya potasiamu kwa pesa ambazo sikuwa nazo. Nikasema ni vijiti, kukhu ameishiwa mbegu nzuri. Nikasema ni nzi weupe, nikapulizia maji ya sabuni chini ya majani jioni tatu mfululizo, ingawa nzi wenyewe hawakuzidi kumi. Nililaumu baridi ya usiku ya Nakuru, ambayo imekuwapo tangu Menengai ilipoacha kutema moto. Dada naye hakunionea huruma. "Mtaalamu," aliandika, "una hakika hukupanda sukuma?"

Wiki moja kabla ya sikukuu nilikwenda kwa mwenzangu anayeuza upande wa Lanet, nikanunua kwake arobaini, shilingi mia tano kila kimoja. Zake zilikuwa nyekundu hadi zinaumiza macho. Nilimwuliza siri. Akacheka. "Siri ipi? Mimi hata mbolea siweki. Hapa hatuna hata stima." Nililisikia neno hilo kwa masikio yote mawili, nikalipia, nikapakia, nikaondoka. Mama wa kanisa alipata madhabahu yake na mimi nikapata hasara yangu.

Tarehe ishirini na tatu nilipanda matatu ya kwenda Magharibi, nauli ikiwa imepanda maradufu kama ada ya Desemba, nikiwa nimemwachia kijana wa jirani nasari nzima na sentensi moja: usiache zikauke.

Nilifika kwa kukhu usiku. Asubuhi nilitoka na mswaki mdomoni, nikaziona.

Upande wa barabara, ua ulikuwa umewaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Upande wa mashamba, vivyo hivyo. Ila kona ya jikoni ilikuwa kijani kibichi. Wala rangi haikufifia kidogokidogo. Ulikuwepo mstari. Tawi moja lilikuwa na upande mwekundu na upande wa kijani. Nilirudi nyuma hatua kadhaa ili nione vizuri, na kile kijani kilikuwa na umbo: kilianzia chembamba karibu na ukuta wa jikoni, kikapanuka kadiri kilivyokwenda mbali, kama vile mtu amemwaga kitu kutoka kwenye ndoo. Nikainua macho kufuata ilikotoka hiyo ndoo. Juu ya mlango wa jikoni kulikuwa na balbu mpya, na ilikuwa bado inawaka saa moja asubuhi.

Stima iliingia kwa kukhu mwaka huo, katikati ya mwaka. Ami yangu aliiweka taa ile kwa sababu ya wezi wa kuku, na tangu iwekwe haijazimwa usiku hata mmoja.

Nilikaa juu ya jiwe la kunolea visu na povu la dawa ya meno mdomoni. Miaka minne! Miaka minne nimeandika kwenye daftari balbu ipi inawaka na ipi imekufa. Na mwezi wa Septemba, baada ya mpangaji mmoja kuibiwa tangi la maji, mwenye ploti yetu alifunga taa kubwa ya usalama ukutani, nami nikaishika ngazi fundi akipanda. Vyungu vyangu hamsini vilikuwa chini yake kabisa.

Huko Naivasha tulihitaji saa nne tu za mwanga usiku wa manane. Mimi nilikuwa nimezipa saa kumi na mbili.

Nilijaribu kuwaeleza watu wa nyumbani wakati wa chai. Ami alidhani namlaumu. "Kwa hiyo nizime taa wezi waje, ndiyo ua lipendeze?" Kukhu alikuwa anachambua mboga, akasema bila kuinua kichwa, "Hao kuku niliwafuga na giza miaka hamsini. Wezi wamekuja na stima?" Mjadala ukahamia kwenye bili ya tokeni na haukurudi kwangu tena.

Siku hiyohiyo, mtoto wa binamu, wa mwaka mmoja na nusu, alikutwa ametafuna jani jekundu. Shangazi alipiga yowe, mtu akakimbilia maziwa, mwingine akasema atapishwe. Nikawaomba watulie. Sifa ya poinsetia kuwa sumu ya kuua ni ya zamani, inatokana na uvumi wa mwaka 1919 kule Hawaii, kwamba mtoto alikula jani akafa, na haukuwahi kuthibitishwa. Mwaka 1996 watafiti Marekani walichapisha hesabu ya visa zaidi ya elfu ishirini na mbili vilivyopigwa simu kwenye vituo vya sumu kuhusu mmea huu, na hakuna aliyekufa hata mmoja. Utomvu wake mweupe unawasha, unaweza kumtia mtu kichefuchefu au vipele, na ukiingia jichoni utajuta, kwa hiyo mfuteni mdomo, mpeni maji, mnaweni mikono. Mtoto alitema, akakunja uso, akataka uji. Mnyaa ndio wa kuogopa, maziwa yake si mchezo kwa macho, na hakuna anayeupigia yowe kwa kuwa haupendezi.

Niliporudi Nakuru tarehe tatu Januari, kijana wa jirani alinipokea kwa fahari. Hakuacha zikauke. Alikuwa amezimwagilia asubuhi, mchana na jioni, na zile ndogo, kwa mapenzi, amezikalisha kwenye beseni la maji. Karibu nusu ya vyungu vyote vya maua ilikuwa imeoza mizizi. Nilimlipa. Ningemkosoaje, wakati sentensi niliyomwachia ilikuwa moja na alikuwa ameitekeleza? Siku hizi nikisafiri nafanya hivi: nazisogeza zote kivulini, namwagilia vizuri mara moja, zile zenye kiu nazipitishia uzi mnene wa pamba kutoka kwenye ndoo ya maji hadi kwenye udongo, zinyonye zenyewe. Halafu nafunga geti na simwachii mtu.

Mwenye ploti nilimwendea kwa adabu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kijana, nikiwaambia wapangaji kwamba nimezima taa ili ua lilale, watahama." Alikuwa na haki yake. Kuzisogeza nako hakukuwezekana, kwa kuwa nasari yote inaangukia kwenye mwanga ule.

Kwa hiyo mwaka 2023, kuanzia tarehe mosi Oktoba, nilianza kuzifunika. Mwanzoni kwa makatoni ya friji niliyoomba kwenye duka la vyombo. Kila siku saa kumi na moja unusu jioni nafunika, saa moja asubuhi nafunua. Nilidhani nimemaliza kazi. Ndipo ikaja mvua ya El Niño ya mwaka ule, mnaikumbuka, na makatoni yakageuka uji wa mtama juu ya mimea. Nikapiga fremu za masalio ya mbao, nikazivika plastiki nyeusi. Plastiki ina ubaya wake, ukichelewa kufunua asubuhi jua likishika ndani panakuwa jiko, na joto likizidi humo gizani linachelewesha rangi pia. Kwa hiyo hakuna kulala, hata Jumapili. Wiki ya nne niliona ncha moja ikiingia rangi ya shaba, nikamwita mke wangu aje aione kana kwamba mtoto ameota jino.

Dada naye alikuwa kwenye mpango huohuo kwa upande wake. Poinsetia yake ya pili hakuitupa ilipochakaa. Mwezi wa Aprili nilimwambia aikate, aache kama sentimita kumi na tano, abadilishe udongo. Juni, baridi ilipoisha kabisa usiku, akaitoa nje, akawa anaibana ncha ili itoe matawi. Septemba akairudisha ndani kabla ya baridi. Sasa ilibaki giza: saa kumi na nne kila usiku, kuanzia mwanzo wa Oktoba, wiki nane hadi kumi, na mchana iwe dirishani ipate mwanga wa kutosha. Ungedhani Uingereza, ambako Desemba jua linachomoza saa mbili na kitu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, giza halihitaji kutafutwa. Lakini ndani ya nyumba kuna taa ya sebule, televisheni, mwanaye anayefanya hesabu mezani hadi saa nne usiku. Mmea unaona mchana mrefu.

Akachagua kabati lililo chini ya ngazi. Kila jioni kabla ya kwenda zamu anaufungia humo, mumewe anautoa asubuhi. Siku mume alipofungua usiku kutafuta ufagio, nilipigiwa simu saa sita nitoe hukumu. Nikasema dakika mbili mara moja hazitauwa msimu mzima, asirudie tu.

Mimi nilipata thelathini na sita nyekundu kati ya arobaini. Zile nne zilikuwa pembeni, upande ambao plastiki ilikuwa na tundu. Mama wa kanisa hakurudi, sikumlaumu, niliziuza barabarani kwa siku tisa.

Tarehe ishirini Desemba dada akanitumia picha. Mmea umesimama mezani, mnene kweli, alikuwa ameutunza. Upande mmoja majani mekundu matano. Upande mwingine, sukuma.

Nikampigia. "Mlango wa hilo kabati unafunga vizuri?"

Kimya kidogo. "Una kaufa kembamba hapo chini kwenye bawaba."

"Na nje ya mlango kuna nini?"

"Korido."

"Korido ina taa?"

Nikamsikia akimwita mumewe. Wakazungumza Kiingereza harakaharaka, kisha akarudi kwenye simu. "Fundi wa mlango anataka pauni sitini."

Nikamwambia atundike blanketi.